Jitu Lililogeuzwa Mbuzi

Jumamosi, Agosti 1996

Upepo umevuma tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Lakini kinachonikera si vumbi. Nina hasira, na ninaandika kabla haijapoa, maana ikishapoa huwa najiambia kwamba halikuwa jambo.

Lilikuwa jambo.

Karibu kila Jumamosi mwaka huu, sisi wanne tumekuwa tukikutana katika chumba cha walimu. Mwalimu Mutua wa hesabu ndiye msimulizi. Ana kitabu kinene cha sheria alichoachiwa na mwalimu wa kujitolea aliyerudi kwao. Yeye anasimulia nchi ya kubuni, sisi watatu tunakuwa watu wa nchi hiyo, tunasema tunafanya nini, kisha bahati inaamua. Kitabu kinataka dadu, lakini mjini hapa dadu zingetuletea jina la wacheza kamari, kwa hivyo tunachota vizibo vya soda vyenye namba, moja hadi ishirini, kutoka kwenye kopo la maziwa. Na yule ambaye kitabu kinamwita mchawi, sisi tunamwita mjuzi. Mama angesikia kwamba nashinda na wachawi, mchezo ungeishia hapo.

Mjuzi ni Yusuf, kijana wa Bute, kule kaskazini, anayefanya kazi ya malori ya maji huko Dadaab na kuja Garissa mwisho wa juma. Mdogo wangu Abdi ni mwizi wa vidole vyepesi. Mimi ni mpiganaji. Nilimpa jina Geesi, yaani shujaa, mwanamke mwenye upanga na kovu begani.

Nilimpenda. Naona haya kuandika hivyo, mwalimu wa darasa la sita mwenye miaka ishirini na saba, lakini ndivyo ilivyo.

Miezi ya kwanza Yusuf hakuwa na nguvu yoyote. Alikuwa na neno moja la miujiza la kutamka kwa siku, akishalitamka kwisha. Geesi alimvusha mto akiwa amembeba mgongoni. Geesi alisimama kwenye mlango wa pango fisi wakamrarua mkono, ili Yusuf abaki mzima. Mutua akatuambia hiyo ndiyo mizani: mjuzi huanza dhaifu, baadaye hukomaa.

Akakomaa! Kila tulipopanda ngazi ya mchezo, mimi niliongezewa alama moja juu ya namba ya kizibo. Yusuf aliongezewa kuruka. Kisha kutoonekana. Kisha kufungua kufuli yoyote, ambayo ilikuwa kazi ya Abdi, ingawa Abdi hakujali.

Leo tulifika kwenye ngome ya jitu lililowaua ndugu zake Geesi. Nilijitayarisha wiki tatu. Nilichora ramani nyuma ya karatasi za mtihani wa zamani. Nilijua ukuta nitaupandia wapi, walinzi hupokezana lini, na ni ngazi ipi nyembamba ambapo jitu lisingeweza kuzungusha rungu lake.

Mutua akasema, "Jitu limetoka. Mnafanya nini?"

Nikafungua mdomo. Yusuf akaniwahi.

"Nalibadilisha mbuzi."

Akachota kizibo. Kumi na nane. Jitu likawa mbuzi.

Abdi alicheka mpaka akapaliwa. "Sasa Geesi amepata kazi," akasema. "Atuchungie mbuzi!" Mutua naye akacheka.

Nikaichana karatasi yenye sifa za Geesi, nikaiacha mezani, nikatoka.

Mutua alinifuata hadi kwenye mlingoti wa bendera. "Mwalimu Saadia, hizo ni sheria za kitabu. Sikuzitunga mimi."

Nikamwambia kitabu kimeandikwa na mtu, na mtu huyo, wallahi, hajawahi kubeba kitu kizito. Kwa nini jasho liwe na kikomo na maneno yasiwe nacho? Nikiuliza kwa nini Geesi hawezi kuruka juu ya ukuta, naambiwa binadamu haruki. Yusuf akiruka, naambiwa huyo ni mjuzi. "Sasa mimi nimo mchezoni kwa kazi gani?"

Akafikiri. Akasema ningeweza kumchinja yule mbuzi.

Nikageuka nikaenda nyumbani. Ningemjibu ningefukuzwa kazi.

Baada ya swala ya alasiri Yusuf alikuja nyumbani. Mama akamkaribisha uani, akamwekea chai. Nilidhani amekuja kuomba radhi. Kumbe naye amefura kama mimi.

"Abaayo, dada yangu, wewe unasema dhuluma," akaanza, chai hata hajaigusa. "Miezi tano nimekaa nyuma ya mgongo yako. Neno moja, halafu nanyamaza. Natoka Dadaab, barabara ile mbaya, nakuja kuangalia nyinyi mkipigana. Wewe ulisema kitu?"

"Nilikuwa nakulinda, Yusuf."

"Ulikuwa unafurahi."

Mama akatuuliza kwa Kisomali tunagombania nini. Yusuf akamjibu kwa adabu, "Mbuzi, hooyo." Mama akataka kujua ni mbuzi wa nani. Hakuna aliyecheka. Yusuf akaaga, akaenda zake.

Nimekaa hapa tangu alipoondoka, nikimtafutia jibu. Siku ile ya fisi aliniuliza kama anaweza hata kurusha jiwe, nikamwambia arudi nyuma asinisumbue. Nilikuwa nafurahi kweli. Na leo, kama maneno yangekuwa yangu na upanga ukawa wake, nadhani ningecheka kuliko Abdi.

Lakini ukweli wake haunifanyi mimi kuwa mwongo. Huwezi kumnyima mmoja chakula asubuhi, ukamnyima mwenzake jioni, kisha ukasema wote wamekula sawasawa. Hiyo si mizani. Hiyo ni njaa ya zamu.

Kwa hivyo nimechukua karatasi nikaandika sheria mbili. Ya kwanza: neno la mjuzi halifanyi kazi papo hapo. Anaanza kulitamka, kila mtu anapata zamu yake moja, maadui pia, ndipo linatimia. Akipigwa katikati, limepotea. Atahitaji mtu wa kusimama mbele yake, hata akiwa amekomaa vipi. Jumatatu kabla ya gwaride nitaiweka mezani kwa Mutua. Akikataa, atafute mpiganaji mwingine.

Hiyo niliiandika kwa pumzi moja.

Ya pili ni ya mjuzi wa siku ya kwanza kabisa: awe na neno dogo lisilokwisha, la kuwasha mwanga au kurusha jiwe, asije akakaa tena kututazama. Ni mistari miwili tu. Imenichukua hadi karibu na magharibi, kwa sababu mkono wangu ulikuwa hautaki kuiandika.