Kibiriti Juu ya Mkono wa Monika

Siku ya Posho (Jumamosi), 2 Desemba 1961

Wanafunzi wa piano watatu tu. Zamani sikuwa na nafasi ya kupumua. Tangu Katanga ijitangaze kuwa nchi peke yake, Wazungu wengi wameondoka na watoto wao, na Wakasai, watu wa mkoa mwingine, wamefukuzwa, wako kambini. Waliobaki hawajui hata kukaa kwenye kiti.

Kibiriti juu ya mkono unaopiga, kama kawaida. Kikianguka, wanaanza upya. Ndivyo masista walivyonifundisha bwenini, kwa kibiriti hiki hiki. Kimejaa. Hakijatolewa njiti hata moja. Mkono usitikisike, mkono usichelewe.

Saa tisa alipita Padri Yosefu. Anapeleka kinanda cha kukanyaga kule kambini kwa misa ya Noeli. Anataka nikakipige. Nikamwambia mgongo unaniuma. Mgongo wangu mzima kabisa. Ni kwamba Monika yuko kule.

Siku ya Mungu, 3 Desemba

Daftari halina mdomo, basi niandike ukweli.

Miaka mitatu iliyopita, mazoezi ya Noeli, kwaya yote imesimama. Binti yangu Monika anapiga wimbo wa wachungaji. Mkono wa kulia ukabaki nyuma, kwa makusudi, na akaingiza nota ambazo hazikuandikwa. Nilimchapa rula kwenye vidole mbele ya watu wote. Masista walinifundisha Kiswahili cha vitabu, lakini nikikasirika kinanitoka kile cha nyumbani. Nikasema: hii njo muziki ya ku baa, hapana ya Mungu.

Alifunga kinanda polepole. Hajagusa tena hata siku moja.

Kisha akaolewa na Tshibangu, karani, Mkasai, mtu mpole. Nilienda harusini, nikala, nikarudi. Tangu hapo ni jambo mama, jambo mwanangu, basi. Wakasai walipofukuzwa majumbani mwao, akamfuata mume wake kambini. Alipita kuniachia sanduku la sahani zake za gramafoni, maana mvua ingeziharibu. Hakuongeza neno. Mimi pia sikuongeza.

Siku ya Pili (Jumanne), 5 Desemba

Bunduki tangu mchana. Jandarme, askari wa Katanga, wanapigana na askari wa kigeni wa kofia za bluu. Barabara ya kambi imefungwa. Hakuna mwanafunzi.

Nilifungua sanduku la Monika kwa kukosa kazi. Uongo. Nilitaka kushika kitu chake.

Kuna sahani moja, karatasi yake imechanika, jina la mpigaji halionekani. Nakumbuka mtu wa reli alimletea Monika toka Ndola, akasema ni piano ya mtu mweusi wa Amerika. Nyimbo za Noeli, kwa jazi. Ya pili ni ule wimbo wa wachungaji. Ule ule.

Nilikasirika mpaka mwisho wa upande. Kisha nikarudisha sindano mwanzo.

Siku ya Tatu, 6 Desemba

Nimeisikiliza mara nane. Huku nje mizinga.

Mkono wa kushoto unatembea, hausimami. Wa kulia unakuja nyuma yake, kidogo tu, kama mtu anayejua mlango uko wazi. Unadhani utakosa. Haukosi. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja: michi haishuki pamoja, na haigongani. Halafu kwenye neno la mtoto kulala, mahali ambapo sisi tunaweka sauti tatu safi, yeye anaongeza ya nne, chungu kidogo. Na mtoto analala kweli. Unamsikia.

Miaka yote hii napiga wimbo ule kama mtu anayepiga pasi shuka. Sikujua kwamba una usingizi ndani. Nimeona haya.

Siku ya Tano, 8 Desemba

Umeme umekatika. Gramafoni kimya. Sikukuu ya Mama Maria na hakuna kengele, hakuna king'ora cha kiwanda, hatujui saa.

Vibiriti vimekwisha dukani na maduka yenyewe yamefungwa. Jirani yangu Mama Ilunga alikuja na mbabula yake, jiko la makaa, makala tayari, hana moto. Akaona kile kibiriti juu ya piano. Nikakataa. Aliniangalia kama mwenda wazimu. "Weye iko na kichwa nguvu," akasema, akaenda kuomba moto mtaa wa pili, na risasi zinalia. Angeweza kufa kwa ajili ya njiti yangu moja.

Nimekula unga kwa maji baridi. Nastahili.

Siku ya Pili, 12 Desemba

Bomu limeanguka nyuma ya shule. Kioo cha dirisha kimevunjika, kimejaa juu ya piano. Nimeokota vipande kati ya nota, kimoja kimoja. Damu kidogo kwenye kidole gumba.

Mchana Mama Ilunga akaja na habari. Mtu aliyetoka upande ule anasema bomu lingine liliangukia kambini, mahali pa kuteka maji. Wanawake. Majina hajui.

Yesu. Sijuwe kama mwanangu iko muzima. Sijuwe kitu.

Siku ya Tatu, 13 Desemba

Hakuna habari.

Siku ya Tano, 15 Desemba

Hakuna habari. Ili nisipige kelele, napiga piano.

Najaribu wimbo wa wachungaji kwa namna ya ile sahani, kwa kukumbuka tu. Niliweka kibiriti juu ya mkono wa kulia, mazoea. Kikaanguka kabla ya mstari wa kwanza kwisha. Nikakirudisha. Kikaanguka. Mara ishirini labda. Mkono unaochelewa hivi lazima uinuke na kupumua. Haiwezekani kuupiga na kibiriti. Nikakitupa chini.

Bila kibiriti pia nashindwa. Nachelewa, napotea. Huwezi kuchelewa hivi kama huhesabu ndani, na kuhesabu kweli kweli. Mimi, mwalimu, siwezi. Monika aliweza. Alijifunza mwenyewe kwa masikio, kwenye piano hii, saa ambazo mimi niko kanisani. Sikumsikia hata mara moja. Siku aliyonipa kusikia, nikampiga.

Hakuwa mvivu. Alifanya jambo gumu kuliko yote yaliyofanywa kwenye piano hii, na mimi nikamwaibisha mbele ya watu. Nimelia kama mtoto.

Siku ya Kwanza, 18 Desemba

Leo mistari minne bila kupotea. Mama Ilunga ameniletea moto kwenye kigae. Sikumwomba. Nimepika sombe, majani ya muhogo, tumekula pamoja, nikamwomba radhi kwa ile siku. Alisema leka tu, kwisha.

Siku ya Ine, 21 Desemba

Bunduki zimenyamaza. Padri Yosefu ni mzima, gari lake halina vioo. Kinanda kilifika kambini kabla ya vita. Hakuniuliza kitu. Nikamwambia nitakwenda kupiga. Akauliza mgongo je. Nikamwambia mgongo haukuwa na kitu, padri, nilidanganya.

Nilimuuliza kuhusu Monika. Hajui. Walizika watu, yeye hakuwapo. Pia anasema kuna vizuizi viwili njiani, na huenda wakaturudisha. Nimefua gauni la kanisani.

Siku ya Kwanza, 25 Desemba, Noeli

Kizuizi cha kwanza walitupitisha. Cha pili waliniuliza kabila. Nikasema baba yangu alikuwa wa reli, wa kaskazini ya Katanga. Wakauliza unafuata nini kwa Wakasai. Nikasema mtoto. Jandarme mmoja, mtu mzima, akafungua.

Matope mpaka kifundo. Vibanda vya magunia na mabati, huoni mwisho. Kanisa ni turubai. Niliangalia kila uso wa mwanamke. Sikumwona. Misa ikaanza, sikumwona. Kinanda kimeingia maji, nota mbili hazisemi.

Wakati wa komunyo nikapiga wimbo wa wachungaji. Mkono wa kushoto ukatembea. Wa kulia nikauacha nyuma. Kwaya ikababaika, mwimbaji mmoja akanikodolea macho. Nikafikiri: huyu ni Mungu ananiadhibu, nitapiga mpaka mwisho hata kama hayupo wa kusikia.

Kwenye neno la mtoto kulala, nyuma kabisa, upande wa wanawake, sauti moja ikaingia. Ikaingia kwa kuchelewa, pale pale, na ikaimba ile sauti ya nne, ile chungu.

Sikugeuka. Kama ningegeuka ningekosa. Machozi yalianguka juu ya mikono nikaendelea kukanyaga.

Baada ya misa alisimama mbele yangu. Amekonda. Tumbo kubwa, mwezi wa saba. Hata hilo sikujua.

"Nani alikufundisha ile, mama?"

"Ni weye."

 Nikamshika vidole, kimoja kimoja, nikamwambia pole ya vidole hivi. Hakusema amenisamehe. Hakuvitoa pia.

Siku ya Tatu, 27 Desemba

Sikumaliza kuandika ya juzi.

Tshibangu ni mzima. Monika alitaka kunipikia chai, akaenda vibanda vitatu kuomba moto, akarudi mikono mitupu. Nikafungua mkoba. Kibiriti kilikuwemo, nimekizoea, siendi kupiga bila yake. Alikitambua. Alikiweka juu ya mkono wake wa kulia, akauinua kidogo, kikaanguka kwenye mkeka. Tukacheka sote wawili, kwa shida. Njiti ya kwanza haikuwaka, wala ya pili. Ya tatu ikawaka. Chai haikuwa na sukari. Nilimwachia kibiriti chote.

Leo wamekuja wanafunzi wawili. Bado natoa vioo kwenye piano. Tereza, mtoto wa Mama Ilunga, aliketi, akanyoosha mkono kama kawaida, akangoja. Akaniuliza kibiriti kiko wapi. Nikamwambia kiko kambini, kinapika. Kisha tukaanza mstari wa kwanza.