Kofia ya Kijani Nyuma ya Kuni: Kumbukumbu ya Fergal Tuohy

Mpendwa wetu Fergal,

Mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya Oktoba ulipotoka gizani kwenda kiwandani, ukafunga mlango taratibu ili usiwaamshe watoto, na hukurudi tena. Walikukuta kati ya rafu za jibini, brashi ya kusugulia jibini bado iko mkononi. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hukupata hata muda wa kuogopa. Neno hilo tumelishika. Kuna siku halipo lingine la kushika.

Ulikuja kwetu kutoka Ayalandi kwa ajili ya binti yetu Regula, na ulikuja na Kijerumani ulichojifunza darasani miaka miwili. Ulikisema vizuri. Shida ni kwamba hapa kijijini hakuna anayekisema. Sisi tuna lugha yetu ya milimani, na Kijerumani chako tumewaachia watu wa gazeti na redio. Jioni ya kwanza ulikaa mezani ukimchekea kila mtu, neno huelewi. Mama mkwe wako Hedwig akamnong'oneza Regula, "Huyu mgeni wako ni mpole au hasikii?"

"Ni mpole, Mama. Na ana njaa."

Ukaongezewa viazi. Kuanzia hapo wewe na mama mkwe wako mlielewana kwa masufuria kabla ya kuelewana kwa maneno.

Tunakumbuka Jumapili yako ya kwanza. Uliamka mapema, ukaona majani ya nyuma ya nyumba yamerefuka, ukasema moyoni, ngoja nimsaidie mama. Ukawasha mashine ya kukatia majani. Jumapili, siku ambayo hapa kwetu hakuna anayethubutu kupiga kelele! Madirisha yakafunguka mtaa mzima, mmoja baada ya mwingine, na wewe kila dirisha lililofunguka ukalipungia mkono, ukidhani watu wa hapa ni wakarimu kweli. Mama mkwe wako alitoka mbio na gauni la kulalia. "Zima! Zima, mwanangu, utatuhamisha kijiji!" Majani yalibaki nusu yamekatwa, nusu yamesimama, mpaka Jumatatu, na watu walipita makusudi kuja kuyatazama.

Lakini hukurudia kosa. Ulijifunza kuvua viatu mlangoni, kumpa mkono kila aliyemo chumbani, na kutompongeza mtu siku yake ya kuzaliwa kabla siku yenyewe haijafika. Chai tu ndiyo hukuiacha. Nyeusi kama lami, halafu unaimwagia maziwa. Mzee Jakob wa nyumba ya pili alikuwa akiitazama na kusikitika: "Ng'ombe wangu amehangaika mwaka mzima, wewe unamwaga maziwa yake kwenye hiyo?"

Watoto walipokuja, Annina kwanza, kisha Orla, uliwasemesha kwa Kiingereza tu. Annina alikujibu kwa lugha yetu, kila siku, neno kwa neno. Wewe unauliza kwa kwenu, yeye anajibu kwa kwetu, na uji unaliwa. Watu dukani walikuonya kwamba mtoto atachanganyikiwa. Uliwaambia, "Lugha yenu kwangu ni ya kuazima. Nikimbembeleza nayo, atajuaje kwamba ni mimi?" Wakakupimia jibini.

Sasa tuseme habari ya kuni, kwa sababu bila kuni hakuna anayekukumbuka sawasawa.

Hapa kwetu mtoto akianza chekechea huvishwa mkanda wa kung'aa kifuani ili madereva wamwone, akaenda kwa miguu yake, peke yake. Tumekua hivyo sote. Wewe siku ya kwanza ulimshika Annina mkono mpaka mlangoni. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Mwalimu Zellweger akakungoja kwenye ngazi.

"Baba Annina, njia hii ni ya mtoto. Ukimshika mkono umemnyang'anya."

"Mwalimu, ana miaka mitano!"

"Naam. Keshakuwa mkubwa."

Ulirudi nyumbani. Kesho yake ulimbusu Annina mlangoni, ukamwambia kwa sauti ya juu kwamba wewe unakwenda kulala, umechoka na zamu ya alfajiri. Kisha ukatokea mlango wa nyuma, ukazunguka bustani, ukachutama nyuma ya kuni za Mzee Jakob, pale zilipopangwa kando ya barabara, na mabuti yako meupe ya kiwandani na kofia ya sufu ya kijani aliyokufumia mama yako Bríd. Mtoto akapita. Ukanong'ona maneno machache ya kwenu. Ukamwona anavuka daraja dogo, anapanda kilima, anaingia getini. Ndipo ukapumua.

Simu ililia jikoni, mama mkwe wako akaipokea.

"Hedi, Mwairishi wako yuko nyuma ya kuni zangu. Niite polisi au nimpelekee kahawa?"

"Kahawa, Jakob. Na utie maziwa."

Mama mkwe wako alikungoja mlangoni mikono kiunoni. "Mtu mzima unachutama kama mwizi wa kuku! Kijiji kizima kinakuona!"

"Mtoto hanioni, Mama. Hilo ndilo muhimu."

"Utafanya hivi mpaka lini?"

"Wiki hii tu."

Wiki ile ilikuwa na mwaka mzima ndani yake. Mvua ikinyesha, uko nyuma ya kuni. Theluji ikianguka, uko nyuma ya kuni. Bläss, mbwa wa Mzee Jakob, alikupenda kwa harufu ya jibini, akawa anakuja kukaa ubavuni mwako, mkia unapiga kuni tap tap tap, siri imekwisha. Mzee Jakob akaacha kuchukua kuni za upande huo ili usikose pa kujificha. Alikuwa akilalamika, "Nitaganda kwa baridi mwaka huu kwa ajili ya mtu mmoja," lakini hakuzigusa.

Kisha ikaja Oktoba.

Baada ya mazishi Annina aliamka kama kawaida. Alivaa mwenyewe, akajifunga mkanda wake, akashuka mpaka ngazi ya mwisho, akakaa hapo. Hakulia. Hakutoka. Kesho yake vivyo hivyo, na siku zilizofuata. Regula alimbembeleza mpaka basi lake la kwenda kazini likampita. Mwalimu Zellweger alikuja mwenyewe na barua za watoto wenzake. Hakuinuka. Tuliogopa, Fergal. Tulishakupoteza wewe, na sasa tuliona mtoto naye anatuponyoka pale pale ngazini, mbele ya macho yetu, amevaa na viatu.

Siku moja Regula alipokwisha kuondoka, mama mkwe wako alijishikilia ukuta, akaketi pembeni yake.

"Twende, kipenzi. Bibi atakushika mkono."

"Sitaki mkono."

"Basi unataka nini? Niambie."

Annina aliutazama mlango. "Nani yuko kwenye kuni?"

"Kwenye kuni? Hakuna mtu, mwanangu."

"Ndiyo maana."

Mama mkwe wako akamgeukia. "Ulikuwa unajua?"

"Bibi, kofia inaonekana. Na Bläss anapiga mkia."

"Mbona hukusema? Mbona hata siku moja hukugeuka ukamtazama?"

"Angeona aibu," Annina akasema. "Alikuwa anajificha vizuri sana."

Mama mkwe wako ana nyonga mbovu, wewe unaijua, ulikuwa ukimpandishia kapu la nguo kila Jumamosi bila kuombwa. Aliinuka pale ngazini. "Ngoja nivae viatu," akasema. "Wewe usitoke mpaka nifike."

"Pitia mlango wa nyuma, Bibi. Usipite mbele, nitakuona."

Basi yule aliyekuita mwizi wa kuku akazunguka bustani na fimbo yake, akachutama nyuma ya kuni za Mzee Jakob, akijua wazi kwamba kuinuka kutakuwa kazi. Bläss alikuwa amekwisha kufika. Tangu ulipoondoka alikuwa akija kila asubuhi, anakaa, anangoja. Barabarani pakasikika viatu vidogo. Annina alipita, macho mbele, mkanda unang'aa. Alivuka daraja. Alipanda kilima. Aliingia getini.

Mzee Jakob alitoka na vikombe viwili. "Na wewe Hedi? Ni ugonjwa wa ukoo?"

"Nyamaza, uninyanyue."

Mchana Annina alirudi, akala, akasema, "Bibi, umejificha vizuri kiasi. Lakini hukusema maneno."

"Maneno gani?"

"Ya Baba. Anayasema nikipita."

Tulikuwa tukidhani unayanong'ona kwa siri. Kumbe mtoto alikuwa akiyachukua kila siku, anaingia nayo darasani. Lakini yalikuwa maneno ya kwenu, na mama mkwe wako ameishi mpaka uzeeni bila Kiingereza hata cha kuombea maji. Jioni alimwita Regula karibu na jiko. "Nifundishe yale aliyokuwa akimwambia mtoto."

"Songa mbele, jasiri wangu," Regula akamwambia maana yake, kisha akayasema kama ulivyoyasema wewe. Mama mkwe wako akajaribu. Yakatoka kama mtu anayefukuza mbuzi bustanini. Regula akamtazama, akafunika mdomo, na tangu siku ya mazishi ndiyo mara ya kwanza tulisikia kicheko katika nyumba hii. Alicheka mpaka akalia, akalia mpaka akacheka, huku amemshika mama yake mabega. "Tena, Mama. Ulimi juu kidogo. Tena." Viazi viliungua. Tulivila hivyo hivyo.

Asubuhi yake maneno yako yalisemwa tena nyuma ya kuni, vibaya, kwa lafudhi ya milimani. Annina hakugeuka. Ila tulimwona akitembea kwa madaha.

Majira yote ya baridi ikawa hivyo. Mzee Jakob alileta kigoda. Theluji ilipoyeyuka, asubuhi moja Annina alisimama mlangoni akifunga mkanda. "Bibi, leo baki ndani."

"Kwa nini? Nimekuudhi?"

"Nyonga yako inalia. Naisikia mpaka barabarani, na mimi najifanya siisikii. Inanichosha." Akambusu. "Naweza. Wewe kunywa chai."

Alikwenda. Mama mkwe wako na Regula walisimama nyuma ya pazia wakishikana mikono kama wasichana, mpaka geti likafungwa nyuma yake.

Tungependa kuishia hapo, lakini kuna Orla. Ulimwacha mdogo. Hukuwahi kumchutamia hata asubuhi moja, na Regula alikuwa akisema hilo usoni mwa picha yako. Mwezi wa nane huu Orla amefungwa mkanda wake wa kwanza. Annina sasa yuko darasa la kwanza, anatumia njia ile ile. Tulikuwa tumepanga waongozane. Mama mkwe wako, kwa tahadhari, alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

"Vua, Bibi," Annina akamwambia polepole. "Ni zamu yangu."

"Zamu ya nini wewe? Si uende na mdogo wako!"

"Njia ni yake."

Akamwambia Orla kwa sauti ya juu kwamba yeye amesahau daftari, atangulie tu. Kisha akachomoa kofia ya kijani kwenye msumari ulipoiacha, ambapo hakuna aliyethubutu kuigusa tangu Oktoba, akaivaa. Ilimfika machoni. Akatokea mlango wa nyuma.

Mama mkwe wako alifungua dirisha la jikoni. Aliiona kofia yako nyuma ya kuni. Aliuona mkia wa Bläss. Orla akaja barabarani peke yake, mdogo kuliko mkoba wake, na alipofika sambamba na kuni, mama mkwe wako akayasikia maneno yako. Hayakuwa ya kujifunza karibu na jiko. Yalikuwa ya kwako yenyewe, kwa Kiingereza cha kwenu, laini kama ulivyoyasema, yakitoka kwa mtoto ambaye hakukujibu kwa lugha hiyo hata siku moja ya uhai wako.

Orla alisikia. Tunajua alisikia kwa sababu alipunguza mwendo. Lakini hakugeuka, Fergal. Alipita macho yake yakiwa mbele, kwa heshima, asimharibie dada yake maficho.

Kwa hiyo lala, mwanetu. Jumapili hii tutakuletea maua, na hatutakata majani.

Unakumbukwa na mkeo Regula. Wanao Annina na Orla. Mama yako Bríd na ndugu zako wote huko Ayalandi. Mama mkwe wako Hedwig. Mwalimu Zellweger na wafanyakazi wenzako wa kiwandani. Na Mzee Jakob, ambaye mwaka huu pia hatazigusa kuni za upande ule. Bläss naye yumo.

Maadamu kuna mtoto anayepita njia ile asubuhi, wewe hutasahaulika.