Mteja Aliyeiuma Rupia ya Antonia

Lusia, umetukanwa na mteja leo tu, tayari unataka kufunga meza ya sarafu? Ngoja kwanza.

Unamkumbuka Antonia, alivyouza sarafu za kale sokoni Karatu, mwaka themanini na mbili?

Bwana mmoja akamfokea, "Mama, rupia zako bandia!" Bandia! Mbele ya akina mama wa Kimaasai waliokuwa wakichagua senti za tundu za kutunga na shanga. Wakaanza kuziweka chini.

Antonia akamsogezea kigoda. "Kaa baba, ijaribu rupia mwenyewe."

Bwana akaiuma. Kwa nguvu!

Jino likadondoka mezani. La bandia, Lusia!

Antonia akalifunika upesi kwa kanga, akamrudishia kimyakimya. "Rupia ni nzima, baba." Basi.

Bwana akanunua tatu, mkono mdomoni. Akina mama wakazishika tena senti zao.

Kesho huyo mteja wako naye mpe kigoda.