Mkwe Wangu Chumba cha Pili

Durban,
Siku ya pili baada ya Krismasi

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi mlangoni pa jikoni, na ule mguu umepoa. Mimi ni mzima kabisa. Mwanangu Ndinda anaendeleaje? Ameacha kunyonya kidole, au mnanificha? Na mvua je? Hapa inanyesha jioni hata bila mtu kuiombea, na kila ikinyesha nayawaza mahindi yako ya shamba la chini.

Ulihofu kwamba Krismasi hii ya kwanza bila Mwikali nitaikalia peke yangu, nimeinamisha kichwa. Mwaitu, sikuwa peke yangu. Nimecheka mpaka nikaona haya, na ngoja nikueleze sababu.

Wenzangu wa safari ni watatu. Kuna Kilonzo mchongaji, mtu wa maneno mengi. Kuna Wanjiru wa Murang'a, ambaye anauza vyondo, vile vikapu vya kusuka. Na kuna Mama Kavata, mama wa makamo, naye wa vyondo. Mimi wananiita Fundi, kwa sababu ndimi ninayewashonea mikanda ya ngozi ya kubebea. Tulikutana kwenye basi Nairobi, na njiani tukawa kama watoto wa nyumba moja. Mama Kavata alininywesha chai kwa kikombe chake mwenyewe. Kutoka Lusaka mpaka Harare nililala nimeegemea bega lake. Suruali yangu ilipochanika mpakani, ni yeye aliyeishona, nami nikingoja nimejifunga leso yake. Hapa tumepanga vyumba viwili na jikoni moja, wanawake kwao na wanaume kwetu.

Basi siku iliyotangulia Krismasi tulikuwa jikoni tunachagua maharagwe. Wanjiru akaniuliza marehemu mke wangu alikuwa wa wapi. Nikasema Zombe, kwa mzee Musili mwenye mizinga ya nyuki. Mama Kavata akaacha maharagwe.

"Aliitwa nani?"

"Mwikali."

Akasimama, akavuta leso akajifunika mabega, akatoka uani bila kunitazama.

Wanjiru alimfuata, akarudi na habari. Mwaitu, yule ni mdogo wake mama mkwe wangu! Ndiye yule aliyeolewa Voi zamani, ambaye hakufika kwenye harusi yetu, na habari ya msiba ikamfikia tumeshazika. Alijua Mwikali aliolewa na Mutua fulani, lakini hakujua kwamba Fundi ndiye Mutua huyo. Na mimi nimemlalia bega! Unajua kwetu mdogo wa mama mkwe ni mama mkwe vilevile: huli mbele yake, na hata kwenye njia nyembamba humpishi kwa karibu.

Kilonzo alicheka mpaka akashika ukuta. "Na suruali! Fundi, mkweo amekushonea suruali! Faini ya kosa hilo hata wazee hawajaipanga!"

"Kwani heshima hiyo haikuachwa pale mpakani?" Wanjiru akauliza. "Mbona ni pasipoti zetu tu zilizogongwa muhuri?"

Tangu hapo nyumba ikageuka. Nikitaka kwenda uani, nakohoa kwanza. Kilonzo akajifanya askari, anasimama kwenye ujia na kupaza sauti, "Mkwe anapita! Barabara ifungwe!" Nasikia Mama Kavata huko ndani akijizuia kucheka.

Siku ya Krismasi tulienda kanisa la hapa jirani. Wazulu wanaimba, Mwaitu, mpaka mabenchi yanatetemeka. Tuliporudi tukapika. Kilonzo alileta nyama ya mbuzi, Wanjiru akasukuma chapati, na Mama Kavata akapika muthokoi kwa yale maharagwe. Hapa mahindi yake yanauzwa dukani yameshakobolewa, kwenye mifuko ya karatasi. Alipoyaona mara ya kwanza alisema, "Kumbe kile kinu kilitusumbua bure!"

Chakula kikawekwa kwenye meza yetu moja. Wanjiru akaona tunakwepana, akachoka.

"Fundi, keti. Na wewe mama, njoo. Tuko wanne tu katika mji huu wote, leo mtatengana vipi? Tena mke alishafariki. Ni ukwe gani uliobaki?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini Kilonzo aliweka kijiko chini. Nami nikabaki nimesimama na sahani.

Mwaitu, sijawahi kukuambia, lakini hilo ndilo ninaloliogopa tangu tumzike Mwikali. Watu wa kwao hawajanitamkia neno baya, ila hakuna aliyeniambia sasa mimi ni nani kwao. Kama Mama Kavata angekaa mbele yangu akala, wengine wangeona ni upendo tu. Mimi ningejua nimeshakuwa mwanamume yeyote tu wa kwetu Mbumbuni. Niliangalia sahani yangu nikangoja.

Mama Kavata alimjibu Wanjiru, si mimi. "Mwanangu, chapati zako nimezitamani tangu asubuhi. Lakini mkwe wangu hawezi kula nikimtazama. Mwacheni ashibe." Akachukua chakula chake akaenda chumba cha pili, akaurudisha mlango nusu.

Sijapata kufurahi hivyo kwa kukimbiwa na mtu. Nilikula sahani mbili.

Baadaye kidogo sauti ikatoka kule. "Kilonzo, muulize mkwe wangu, Mwikali aliacha ile tabia ya kuficha chapati?"

"Fundi, unaulizwa na wakubwa."

"Mwambie mama hakuacha."

Kumbe Mwikali akiwa mtoto, kila Krismasi alikuwa akitia chapati ya moto kwenye mfuko wa sweta, ili kesho yake awe nayo. Mafuta yakawa yanatoboa siri yake. Nikakumbuka kwamba kila mwaka, siku iliyofuata Krismasi, alitoa nusu ya chapati nyuma ya mkebe wa unga, imefungwa kitambaa, akatugawia mimi na Ndinda. Sikuwahi kumuuliza tabia hiyo aliianzia wapi. Tulizungumza hivyo mpaka chai ikapoa, Kilonzo akibeba maneno huku na huku na kulalamika kwamba amefanywa simu.

Jana tulienda baharini, mji wote ulikuwa huko. Kilonzo aliingia majini na suruali ya kanisani, wimbi likamchukulia kofia. Mama Kavata alitangulia, mimi nikafuata mbali, na Wanjiru katikati na aiskrimu zetu sisi wawili zikimchirizikia mikononi, akitulaani kwa Kikikuyu.

Sasa nina ombi. Tukirudi, Mama Kavata anataka kuja Mbumbuni kumwona Ndinda. Anamwita "mjukuu wangu". Nilimjibu, kupitia Kilonzo, kwamba lazima nikuulize wewe. Akija alale kwako, na kaka anipe kitanda kwake. Chakula changu nileteeni nje.

Nisalimie kaka na shemeji, jirani anayetuazima punda, na mwalimu wa shule ya Jumapili anayemvumilia Ndinda. Huyo Ndinda mwambie bibi yake wa Zombe anakuja.

Ni mimi mwanao, na bado mkwe wa watu,

Mutua