Baba na Watu wa Mapangoni

Makorora, Tanga
Machi 1988

Kaka yangu Yakoub,

Salamu zikufikie huko Wete. Sisi hatujambo, na siku hizi sabuni na sukari zinapatikana madukani. Jirani yetu Tuhfa ameletewa deki ya video kutoka Dubai. Ijumaa alitualika, mimi na Baba, tukaone picha ya watu wa kale waishio mapangoni, wanaokimbizwa na mijusi wakubwa kama nyumba.

Picha yenyewe ina kasoro tele. Mijusi ni wa mpira, mshono unaonekana mgongoni, na wanawake wa mapangoni wamepaka wanja. Tena hawasemi neno hata moja. Wananguruma tu na kuonyeshana kwa mikono. Mimi na Tuhfa tulicheka sana, lakini Baba alisogeza kiti mbele.

Unajua tangu kiharusi kimfunge ulimi hajatoa sauti mbele za watu, kwa kuona haya. Basi mjusi alipomnyemelea mwindaji mmoja, Baba aliinuka akapiga ukelele, "Aaa! Aaa!"

Tuhfa akamjibu, "Namwona, Mzee! Keshamfikia!"

Wakapigiana kelele hivyo mpaka mwisho, Baba anacheka hadi machozi.

Tangu siku ile, akitaka kahawa huniita kwa sauti yake hiyo hiyo, na mtaa mzima unamsikia. Nami huitikia kutoka jikoni, "Labeka, Baba!"

Dada yako akupendaye,
Mwanaima