Chanjo Ilimkubali Wifi, Mimi Ikanikataa

Shangazi mpendwa, nishike mkono kabla sijaanza kuongea na kuta.

Mimi ni fundi cherehani, mume wangu anapaka rangi majumba, na tulikuwa tunapendana mpaka majirani wanatutania, sasa alipokwenda kuchangia damu wakamkuta na homa ya ini B, tukaambiwa tunaoishi naye tuchanjwe, nikaenda na wifi yangu, tukakaa benchi moja, tukachomwa pamoja sindano zote tatu kwa miezi sita, halafu majibu yakatoka kwamba wifi kinga imepanda, mimi hakuna kitu, daktari anasema seli zangu za kinga hazikuitikia, na wifi akacheka, "Mwili mbishi kama mwenyewe!" nikacheka naye lakini moyo uliniuma.

Tangu hapo mume wangu kahamia sebuleni na mto wake, ana kikombe chake, nikimsogelea anarudi nyuma, anasema, "Mke wangu, siwezi kukuua kwa mapenzi," huku wifi anakula naye sahani moja wakicheka, mimi nimesimama mlangoni kama mgeni, Shangazi, nina hamu naye mpaka nanusa shati lake la kazini kabla ya kulifua. Nimebakiwa na Jumapili tu, tunapokaa uani namnyoa kichwa kwa wembe wetu, huo huo ninaojinyolea na mimi, naenda polepole makusudi ili nisimalize, maana ndipo ninapomgusa. Nimeanza kujiuliza, au mwili wangu ndio haumtaki?

Mwenye Mwili Mbishi

Mwanangu, pole. Kumtamani mume wako si jambo la kuonea aibu. Ila kaa chini nikugombeze.

Wembe mmoja! Kikombe, sahani na kumbatio havina kosa, mmevifukuza nyumbani, halafu kitu kinachogusa damu ndicho mmekifanya mapenzi. Utupe leo. Kila mtu awe na wembe wake na mswaki wake, na ukijikata kwa wembe wake, kimbia kliniki siku hiyo hiyo.

Kuhusu mwili wako, acha kuusingizia. Chanjo inawaonyesha walinzi wa mwili sura ya mwizi. Walinzi wa wifi waliikariri, wako wakaitazama wakarudi kusinzia. Miili haifanani, wengine huchelewa kwa umri, unene, sigara au maradhi, wengine wamezaliwa hivyo tu. Mapenzi hayamo. Rudi kwa daktari, uliza kama umepimwa virusi vyenyewe, na kama huna, omba kuchanjwa upya kisha upimwe tena. Wengi waliogoma mwanzo huitikia safari ya pili. Mpaka kinga ipande tumieni kondomu, na walinzi wako wasipoamka hata hapo, kondomu iendelee, na mumeo naye aende akachunguzwe ini, maana naona nyumba nzima mnahangaikia kinga yako na mgonjwa mmemsahau.

Wifi yako mwambie mzaha umetosha.

Na wewe baba unayelala sebuleni, najua utasomewa hii. Unamkimbia mkeo usije ukampoteza, na huko kukimbia ndiko kunakompoteza. Virusi hivi haviambukizwi kwa kushikana mikono wala kulala ubavu kwa ubavu.

Mwanangu, usimsubiri ajishauri. Ingia sebuleni, chukua mto wake, urudishe kitandani, mwambie Shangazi kasema.