Kisanduku cha Pili, Chumba cha Kukatia

Jumamosi, 2 Machi

Barua ya hospitali imefika. Nimo! Sare za wauguzi, seti mia mbili na arobaini. Tulioomba kazi ni mafundi kumi na tisa, tumebaki watatu, na mmoja wao ni mimi wa darasa la saba.

Ila kuna sharti. Ijumaa saa nne asubuhi kamati itanitazama kwa video nikikata seti moja, kuanzia kitambaa kizima hadi kipande cha mwisho. Hawataki picha wala kupelekewa sampuli. Wanataka kuuona mkono unaokata. Na wameandika wazi: video ikikatika zaidi ya mara mbili, umetoka.

Sasa. Meza ya kukatia iko chumba cha nyuma. Mita nne kasoro sentimita kumi, iliundiwa humo humo ndani, haitoki mlangoni hata uipake mafuta. Mtandao nao uko dukani, mbele kabisa. Yule kijana wa kampuni alipokuja kufunga ruta, kile kisanduku cha kutawanya mtandao, nilimwomba aiweke katikati ya nyumba. Akacheka! Mama, hii si cherehani, huwezi kuipangia pa kukaa. Leo nimeyakumbuka maneno yake. Nimewapigia waje waihamishe — foleni wiki tatu.

Jioni nimetembea na simu, tepu na chaki. Mlango wa duka, mistari minne. Mita tisa, koridoni, mitatu. Mita kumi na nne, jikoni, mmoja. Ukuta wa tatu ukishapita, hakuna kitu. Kila mahali nimetia alama ya chaki ukutani. Mama mkwe kaniuliza kama naukatia ukuta gauni. Nikamwambia ndiyo, na mfuko juu.

Data ya simu kule nyuma chini ya bati ndiyo usiseme. Uso unaganda jicho moja limefumba.

Jumapili, 3 Machi

Nimempigia mdogo wangu, Injinia. Kompyuta ndiyo kazi yake, ana ofisi, ana kadi ya kuning'iniza shingoni. Niliacha shule nikakalia cherehani ili yeye asiache. Miaka ishirini na mbili sasa. Simwambii mtu, naandika hapa tu.

Kasema atakuja Jumatano. Nikamuuliza: ninayo ile ruta ya kampuni ya zamani, imelala tu, haiwezi kufanya kazi huko nyuma? Akavuta pumzi, nikaisikia kabisa. Dada, hayo mambo usiyaguse, utavuruga. Wewe shona.

Wewe shona!

Ruta yenyewe nimeikuta kwenye droo ya zipu. Mama Vifungo, mwenzangu wa dukani — vifungo na matundu yake ni yeye — alikuwa akiigandamizia karatasi za patani, zile za kuchorea mkato. Nimeifuta vumbi. Inawaka.

Jumatatu, 4 Machi

Nimetazama video saba za mafunzo. Nne ni porojo tupu, mtu anajisifu dakika tisa ndipo aguse waya. Tatu zina maana. Nilivyoelewa: waya unatoka ruta ya mbele hadi ya nyuma, na ya nyuma inautawanya mtandao kule. Basi. Si uchawi.

Nimepima njia ya waya: dukani, juu ya mlango, koridoni, ukingo wa ua, dirisha la nyuma. Pamoja na kona zote, mita ishirini na tatu na nusu. Nikaenda kwa muuza nyaya, nikataka ishirini na tano.

Akanipimia ishirini kwa mikono! Chukua hii mama, inatosha, waya unavutika.

Kinachovutika ni kitambaa, nikamwambia, tena si kila kimoja. Nikatoa tepu yangu. Tumepima sakafuni mbele ya wateja wake: kumi na nane na robo. Watu wakacheka. Nimeondoka na ishirini na tano kamili, na vichwa vya kuchomekea kavifunga yeye mwenyewe ncha zote mbili, bila kunitazama.

Jumanne, 5 Machi

Aibu.

Asubuhi nimepitisha waya, nimechomeka huku na huku. Nyuma mistari minne! Nimepiga kelele ya furaha, Mama Vifungo kaja mbio akidhani nimejikata kidole.

Dakika kumi hazikuisha. Simu yangu inaonyesha mistari yote lakini haifungui kitu. Ya Mama Vifungo inafungua, kisha haifungui. Dukani kwenyewe, kulikokuwa na mtandao tangu mwanzo, kumekufa. Mama mkwe alikuwa kwenye tamthilia yake, mume wa humo ndiyo kwanza anafungua barua. Kaja mpaka mlangoni kwangu amesimama na fimbo yake. Mkwe wangu, naona umeizima dunia.

Nimechomoa waya, dunia ikawaka. Nimechomeka, ikazima. Mara sita. Kila mara vilevile.

Sikumpigia Injinia. Bora nikatie sare za watu kwenye giza.

Jumatano, 6 Machi

Saa tano ujumbe: Dada nimebanwa, labda wiki ijayo. Wiki ijayo! Anajua ni Ijumaa. Nilimwambia mara mbili.

Nimekaa dukani naandika vibandiko vya namba za nguo za wateja. Mkono ukasimama.

Mwaka ule tulipoanza, mimi na Mama Vifungo kila mmoja alikuwa na kitabu chake cha namba. Mimi naanza moja, yeye anaanza moja. Saba wawili, kumi wawili. Bwana harusi akaondoka na suruali ya mtu mfupi, akaingia ukumbini vifundo vya miguu vikisalimia wageni. Tangu hapo ni sheria: namba zinatoka kitabu kimoja, mkono mmoja.

Si ndicho kilichotokea! Kwenye video walisema kila simu ikiingia hupewa namba yake, anwani. Nyumba yangu ina visanduku viwili, vyote vinagawa namba, hakuna anayemwuliza mwenzake. Na zaidi ya hapo, nimevigeuza vyote viwili kusoma vibandiko vya tumboni — vyote vinajiita 192.168.1.1. Jina moja! Wateja wataachaje kupotea?

Nimechomoa waya. Sindano namba kumi na sita kwenye kile kitundu kidogo cha mgongoni, nimehesabu sekunde kumi na tano, kikasahau yote ya zamani. Nimeingia kwa simu. Kwanza jina: cha nyuma sasa kinaishia na 2. Nimehakikisha pia — cha mbele kinagawa kuanzia 100 hadi 199, kwa hiyo 2 haina mwenyewe. Kisha nikatafuta panapogawiwa namba, pameandikwa herufi nne tu, DHCP, nikapazima. Wewe pokea wateja, namba mwachie mkubwa wako wa mbele. Nikakipa paswedi mpya. Mwisho waya: matundu manne yanayofanana, nimechomeka mojawapo. Lile la bluu la pembeni ni la mtandao unaotoka nje, nimeliacha wazi.

Nimekaa nikitazama saa. Dakika kumi. Ishirini. Dukani kunafanya kazi. Jikoni kunafanya kazi. Mama mkwe yumo kwenye tamthilia, mume ameshafukuzwa. Nyuma, juu ya meza yangu, mistari minne!

Mimi. Mimi mwenyewe, na sindano.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeushonea waya ala ya turubai pale unapopita uani, mvua isiuguse. Mshono maradufu. Kampuni gani itakufanyia hivyo?

Mchana jaribio. Mama Vifungo mbele na simu yake, mimi nyuma nakata mabaki. Dakika arobaini na tano, haikukatika hata mara moja. Kasema ameona mpaka uzi uliotokeza kwenye mkono wa blauzi yangu. Anajifanya mwenyekiti wa kamati: fundi, hebu geuka tuone mgongo. Tumecheka hadi machozi.

Mkasi nimeunoa.

Ijumaa, 8 Machi. Saa nne na dakika hamsini

Naandika ili mikono iwe na kazi. Wamezima sauti yao, wanashauriana. Nawaona kwenye skrini midomo inatembea. Mama wa miwani ndiye mwenyekiti, muuguzi mkuu kulia, bwana wa stoo kushoto. Wamesema nisiondoke.

Vipande kumi na sita, dakika thelathini na nane. Video haikukatika. Sifuri! Mwenyekiti kaniambia fundi wa kwanza wa leo alikatika mara tatu, wakamtoa. Tumebaki wawili.

Lakini ile saa nne na robo! Mkasi uko katikati ya mgongo wa blauzi, mlango unafunguka — Injinia. Na begi na kadi shingoni. Dada, nimeiba saa moja nije nikuwekee ile… Akakiona kisanduku rafuni. Akasogea. Waya umeuweka tundu silo, kasema, unatakiwa hapa kwenye bluu. Na mkono tayari umeushika.

Nifanye nini? Nikipiga kelele, kamati inasikia. Nikiacha mkasi, kitambaa kinahama. Nikasema polepole, macho kwenye chaki: Hapa sasa hakuna kinachoguswa.

Mwenyekiti akasema vizuri fundi, hivyo ndivyo. Alidhani nazungumzia kitambaa.

Injinia akautoa mkono. Akachuchumaa pale chini ya rafu, akatoa simu yake, akaingia kwenye kisanduku — paswedi kanong'onezwa na Mama Vifungo aliyesimama mlangoni, nitaongea naye. Akasoma. Nikawa nakata, namsikia anapumua. Akasoma tena.

Sasa hivi kaja kuketi kwenye kigoda karibu yangu. Nani alikuwekea? Mimi. Namba ulizima mwenyewe? Mwenyewe. Kaangalia viatu vyake. Halafu, kwa sauti ndogo: Ofisini kwetu ghorofa ya juu hawapati kitu, miezi mitatu sasa. Tuliweka kisanduku cha pili, kila kitu kikafa, tukakitoa. Ulianzia wapi, dada?

Nimempa kipande cha karatasi ya patani na penseli. Andika, nimemwambia. Kwanza chomoa waya. Anaandika! Kainama kabisa. Anauliza, 2 kwa nini, kwa nini si 150 —

Mwenyekiti amewasha sauti. Anakohoa. Anapanga karatasi zake.

Nimemwinulia mdogo wangu mkono, nyamaza.

Ameiweka penseli chini, anasikiliza.